Namna jaketi la rubani linavyofichua siri ya picha ya vita

PICHA ilikuwa ya wanaume sita waliosimama kando ya ndege, wote wamevalia majaketi ya ngozi, na maelezo yaliyoandamana nayo yalisema kwa ufupi kwamba hao walikuwa marubani wa Marekani nchini Uingereza mwaka wa 1941.

Nilikuwa nimekwisha kuipitisha ikachapishwe, pale mwenzangu wa dawati la picha aliponiuliza kwa sauti ya chini, “Mhariri, hiyo nyota yenye mabawa begani umeiona?”

Sikuwa nimeiona. Nyota ile ni nembo ya Majeshi ya Anga ya Marekani, nayo iliidhinishwa rasmi Machi 1942. Mtu hawezi kuvaa mwaka wa 1941 nembo ambayo haikuwa imetolewa. Isitoshe, Marekani yenyewe iliingia vitani Desemba 1941, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor. Maelezo yale yalikuwa na kosa, na kosa hilo lingebeba jina la gazeti letu.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuitazama nguo kabla ya kuutazama uso. Uso wa mtu usiyemjua haukuambii lolote kuhusu mwaka wala mahali. Nguo ya jeshi, hata hivyo, hutengenezwa kwa amri, kwa kipimo na kwa tarehe. Anayejua kuisoma anaweza kusahihisha maelezo yaliyopotosha watu kwa miaka themanini.

Jambo hili si mchezo wa wakusanyaji wa vitu vya kale pekee. Wengi wa waliopiganа Vita Vikuu vya Pili vya Dunia wamekwisha kufariki, na kilichobaki kwa jamaa zao ni picha isiyo na jina wala tarehe. Picha ikipewa maelezo ya uongo, uongo huo hunakiliwa kitabu hadi kitabu, na mtu aliyehatarisha maisha yake hugeuka kuwa mtu mwingine.

Hebu basi tuanze na swali la kwanza: jaketi ni la jeshi gani?

Jaketi mashuhuri kuliko yote ni lile lililoitwa A-2. Liliidhinishwa Mei 1931 kwa matumizi ya kitengo cha anga cha Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Wakati huo Marekani haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea. Hilo liliundwa mwaka wa 1947. Marubani wa nchi kavu walikuwa na mavazi yao, na wale wa Jeshi la Wanamaji walikuwa na yao.

Alama za A-2 ni hizi. Mbele pana zipu, na nyuma ya zipu pana utepe wa ngozi wa kuzuia upepo. Kola ni ya ngozi tupu, imekunjwa kama ya shati, na ncha zake hushikwa kwa vifungo vya kubonyeza vilivyofichwa chini yake. Mabegani pana mikanda miwili ya ngozi. Mifuko ni miwili, kila mmoja una kifuniko, na kifungo chake hakionekani kwa nje. Kiunoni na kwenye ncha za mikono pana sufu iliyofumwa. Mgongo ni kipande kimoja cha ngozi kisicho na mshono.

Majaketi mengi ya aina hiyo yalishonwa kwa ngozi ya farasi, ingawa ngozi ya mbuzi pia ilitumika. Hayakuwa na mifuko ya pembeni ya kupashia mikono joto. Ukiona mifuko hiyo, basi hilo si A-2 la asili.

Mtangulizi wake, A-1, alianza kutumika mwaka wa 1927. Huyo hana zipu bali vifungo vya kawaida mbele, na kola yake ni ya sufu iliyofumwa kama ilivyo kiunoni. Tofauti hizo huonekana hata katika picha iliyofifia.

Jaketi la wanamaji ni rahisi kulitambua. Kola yake ina manyoya ya mwanakondoo yaliyokatwa yakawa mafupi. Halina mikanda mabegani. Vifungo vya mifuko yake huonekana wazi, na mfuko wa kushoto una nafasi nyembamba ya kuchomeka kalamu. Mgongoni pana mikunjo miwili inayomwezesha rubani kunyoosha mikono bila kubanwa, pamoja na mkanda mfupi ulioshonewa kiunoni.

Wakati wa vita, jaketi hilo lilijulikana kwa nambari M-422A. Jina G-1 lilianza kutumika mwaka wa 1947, vita vikiwa vimekwisha. Kwa hivyo anayeandika kwamba rubani wa mwaka wa 1943 amevaa G-1 ametumia jina ambalo rubani huyo hakulijua.

Tofauti hiyo ya nchi kavu na wanamaji ina manufaa makubwa. Chukua mfano wa shambulio la Aprili 18, 1942, ambapo ndege 16 zilizobeba watu 80 chini ya James Doolittle ziliruka kutoka meli ya USS Hornet kwenda kushambulia miji ya Japani. Mtu akiziona picha za watu hao wakiwa juu ya sitaha ya meli, atadhani ni wanamaji. Lakini tazama mabega na kola: wengi wamevaa A-2. Walikuwa marubani wa nchi kavu waliopakiwa melini kwa kazi moja tu.

Waingereza nao walikuwa na jaketi lao la ngozi ya kondoo, manyoya yakiwa ndani. Liliitwa Irvin, kwa jina la Leslie Irvin, Mmarekani aliyeruka kwa parachuti ya kufunguliwa kwa mkono mnamo Aprili 28, 1919, kisha akafungua kiwanda cha parachuti katika mji wa Letchworth, Uingereza.

Irvin lina kola pana ya manyoya, zipu mbele, zipu nyingine kwenye mikono kuanzia kiganjani, na mkanda wenye bakoli kiunoni. Halina mfuko hata mmoja. Marubani waliopigania anga ya Uingereza kati ya Julai na Oktoba 1940 walipigwa picha nyingi wakiwa wamelivaa.

Lina siri nyingine. Majaketi ya mwanzo yalishonwa kwa vipande vikubwa vya ngozi. Kadiri vita vilivyoendelea, mafundi walitumia vipande vidogo zaidi, na mishono ikaongezeka mgongoni na mikononi. Ukihesabu mishono, unaweza kukadiria kama jaketi ni la mwanzo wa vita au la baadaye.

Wamarekani pia walikuwa na jaketi la ngozi ya kondoo, B-3, lililoidhinishwa mwaka wa 1934. Hili ni zito na kubwa, kola yake hufungwa kwa mikanda miwili ya ngozi, na mfuko wake ni mmoja tu, upande wa kulia wa mvaaji. Mfuko huo mmoja ndio unaolitenga na Irvin kwa mtazamo wa kwanza.

Manyoya hayo hayakuwa mapambo. Ndege kubwa za kudondosha mabomu zilipaa futi 25,000 na zaidi, ambapo baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sufuri, na wafyatuaji wa bunduki walisimama kando ya madirisha yaliyo wazi. Mtu aliyegusa chuma kwa mkono mtupu huko juu aliweza kubanduka ngozi. A-2 pekee halikutosha. Ndiyo sababu picha za wakati wa kupanda ndege huonyesha manyoya, ilhali zile za kupumzika chini huonyesha A-2.

Swali la pili ni la tarehe, na hapa ndipo wengi huteleza.

Jaketi linaweza kukuambia picha haikupigwa kabla ya mwaka fulani. Haliwezi kukuambia haikupigwa baada ya mwaka fulani. Mwaka wa 1943 Jenerali Henry Arnold, aliyeongoza Majeshi ya Anga ya Marekani, alisitisha ununuzi wa A-2, na majaketi ya kitambaa yakachukua nafasi yake. Je, hiyo ina maana kwamba picha yoyote yenye A-2 ni ya kabla ya mwaka huo? La, hasha. Waliokuwa nayo waliendelea kuyavaa hadi mwisho wa vita, na wengine hata baada ya vita. Askari hakulitupa jaketi zuri kwa sababu tu kiwanda kimeacha kulishona.

Kinyume chake ni kweli. Ukiona jaketi la kitambaa lenye kola ya manyoya, kama lile la B-10 lililoanza kutolewa mwaka wa 1943, huna ruhusa ya kuiweka picha hiyo katika mwaka wa 1942.

Swali la tatu ni la mahali, na jawabu lake liko begani na kifuani.

Mbali na ile nyota yenye mabawa, kila jeshi dogo ndani ya Majeshi ya Anga ya Marekani lilikuwa na nembo yake iliyoshonwa bega la kushoto. Nambari 8 yenye mabawa ilikuwa ya Jeshi la Nane, lililopigana kutoka Uingereza. Nambari 15 ilikuwa ya Jeshi la Kumi na Tano, lililoundwa Novemba 1943 likawa na makao yake nchini Italia. Jeshi la Tisa linahitaji hadhari, kwani lilianzia Mashariki ya Kati na kaskazini mwa Afrika, kisha likahamishiwa Uingereza Oktoba 1943. Nambari 9 peke yake, kwa hivyo, haitoshi kutaja nchi.

Waliohudumu China nao walijulikana kwa mgongo. Kikosi cha Wamarekani wa kujitolea kilichopewa jina la Flying Tigers, kilichopigana dhidi ya Wajapani kati ya Desemba 1941 na Julai 1942, kilishonewa kitambaa chenye bendera ya China na maandishi ya Kichina. Maandishi hayo yaliwaomba wenyeji wamsaidie rubani aliyeanguka, kwani yeye na wao walikuwa upande mmoja. Kitambaa hicho kilikuwa hati ya uhai: mkulima asiyejua Kiingereza angeweza kukisoma na kuamua kumficha.

Kwenye kifua cha kushoto ndipo palipowekwa kipande kidogo cha ngozi chenye jina la mvaaji. Hicho ndicho cha kutafutwa kwanza kwa kioo cha kukuzia, au kwa kuikuza picha kwenye kompyuta. Herufi tatu tu, zikiunganishwa na nembo ya kikosi, zimetosha mara nyingi kumpata mtu katika orodha za jeshi.

Tazama pia mikanda ya mabegani. Maafisa walibandika hapo alama za vyeo vyao. Usidhani, hata hivyo, kwamba kila aliyevaa A-2 alikuwa rubani. Wafyatuaji wa bunduki, waendeshaji wa redio na mafundi wa ndani ya ndege walipewa pia, na wengi wao hawakuwa maafisa. Jenerali Douglas MacArthur, ambaye hakuwa rubani, alipigwa picha akiwa amelivaa.

Kisha kuna mgongo uliopakwa rangi. Wanajeshi waliandika jina la ndege yao na kuchora bomu moja kwa kila safari ya vita. Wahudumu wa ndege iliyoitwa Memphis Belle, waliokamilisha safari 25 Mei 1943 na kurejeshwa Marekani kuzungushwa miji mbalimbali, walivaa majaketi ya namna hiyo. Ukihesabu mabomu mgongoni, umepata kipimo cha wakati: mwenye mabomu matano na mwenye mabomu ishirini ni mtu mmoja katika miezi tofauti.

Michoro hiyo ilikuwa na hatari zake. Mwishoni mwa 1943, Mmarekani mmoja aliyetekwa na Wajerumani alikutwa na jaketi lililoandikwa mgongoni Murder Inc., jina ambalo magazeti ya Marekani yalilipa genge la wauaji wa kukodiwa. Wajerumani walimpiga picha na kuisambaza magazetini ili kuonyesha kwamba waliokuwa wakiidondoshea miji yao mabomu walikuwa majambazi. Mzaha wa kambini uligeuzwa silaha ya adui, na picha ya jaketi ndiyo iliyoibeba.

Sasa tuje kwenye mitego.

Mtego wa kwanza ni rangi. Picha nyeusi na nyeupe haikuonyeshi kama ngozi ni nyeusi au ya kahawia. Baadhi ya filamu za zamani hazikuhisi rangi nyekundu, na kwa hivyo jaketi la kahawia yenye wekundu lilitoka jeusi kabisa. Usiandike “jaketi jeusi” kwa kuwa tu macho yako yameona weusi. Vivyo hivyo, ni vigumu kutenganisha ngozi ya farasi na ya mbuzi kwa picha peke yake.

Mtego wa pili ni picha iliyogeuzwa. Negativu ikiwekwa upande usiofaa, kushoto huwa kulia. Tazama maandishi kwenye ndege kwanza. Kama hayapo, tazama jina kifuani na nembo begani, ambavyo vinapaswa kuwa kushoto kwa mvaaji, na mfuko wa B-3, ambao unapaswa kuwa kulia. Lakini usitegemee nembo ya begani pekee, kwani waliohamishwa waliweza kuvaa nembo ya jeshi lao la awali bega la kulia.

Mtego wa tatu ni nguo za kubadilishana. Majaketi yaliuzwa, yaliazimwa na yalitolewa zawadi. Wamarekani waliojiunga na Jeshi la Anga la Uingereza kabla ya nchi yao kuingia vitani walipewa mavazi ya Kiingereza, na walipohamishiwa jeshi la kwao Septemba 1942 hawakuyaacha yote. Mmarekani aliyevaa Irvin si kosa la mpiga picha.

Mtego wa nne ni sinema. Steve McQueen alivaa A-2 katika filamu The Great Escape ya mwaka wa 1963, na picha za sinema za namna hiyo huzagaa intanetini kana kwamba zilipigwa vitani. Aidha, Jeshi la Anga la Marekani lilirejesha A-2 mwaka wa 1988, na viwanda kadhaa hushona nakala zake hadi leo. Asiye makini atamweka kijana wa juzi katika vita vya babu yake.

Kwa sababu hizo, kanuni ya busara ni moja: jaketi ni shahidi, si hakimu. Ushahidi wake upimwe pamoja na aina ya ndege, nambari iliyo mkiani, majengo yaliyo nyuma, hali ya hewa na maandishi ya nyuma ya picha. Mashahidi watatu wakikubaliana, andika. Mmoja akipinga, ngoja.

Thamani ya kazi hii huonekana vyema katika picha ambazo Toni Frissell, mpiga picha wa Marekani, alizipiga Machi 1945 katika uwanja wa Ramitelli nchini Italia. Picha hizo, ambazo huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, huwaonyesha marubani weusi wa Kikosi cha 332 wakisikiliza maagizo, wakivaa parachuti na wakitazama angani. Kamanda wao alikuwa Benjamin O. Davis Mdogo. Wengi wamevaa majaketi ya ngozi.

Watu hao walifunzwa Tuskegee, jimbo la Alabama, wakati ambapo jeshi la nchi yao liliwatenga weusi na weupe. Walikuwepo viongozi waliodai kwamba mtu mweusi hana uwezo wa kuendesha ndege ya kivita. Jaketi la A-2 halikupatikana kwa kila askari. Lilikuwa alama ya mtu aliyekubaliwa kuruka. Anayeiandikia picha hiyo maelezo ya “askari weusi, Italia” hajasema uongo, lakini ameacha neno lililopiganiwa zaidi: marubani.

Humu nchini, wazee wetu waliopigana vita hivyo hawakuvaa majaketi ya marubani. Wengi walikuwa askari wa miguu wa King’s African Rifles, na mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, Burma, katika mvua na matope, ikitegemea vyakula na risasi vilivyodondoshwa kwa ndege. Nembo ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru.

Picha zao zingalipo, ndani ya masanduku ya bati na kurasa za Biblia na Misahafu. Mbinu ni ile ile. Tafuta kifaru begani kabla ya kuandika kwamba babu alikuwa Burma. Tazama kofia, tazama vifungo, tazama cheo mkononi. Geuza picha usome muhuri wa studio. Ichukue nakala safi kabla ya unyevu kuila, na umuulize aliye mkubwa kuliko wote ukooni wakati angali na kumbukumbu.

Kisha, uandike ulichokijua nyuma ya nakala hiyo kwa kalamu ya risasi, pamoja na sababu ya kukijua. Usiandike “babu, Burma, 1944” tu. Andika “nembo ya kifaru, bega la kushoto”, ili atakayekuja baadaye aweze kukukosoa.

Ile picha ya wanaume sita ilichapishwa hatimaye, bila mwaka wa 1941. Tuliandika kile ambacho nguo ziliweza kuthibitisha: wanajeshi wa anga wa Marekani, si kabla ya Machi 1942. Yalikuwa maelezo mafupi kuliko yale ya awali, lakini hakuna aliyelazimika kuyaomba radhi.